Uzio wa Sasolburg

Meli ya mafuta Salem ilizama Januari 17, 1980, kwenye bahari ya Senegal. Mabaharia wake waliokolewa na meli ya Kiingereza, British Trident, wakiwa mashuani na masanduku yao ya nguo pembeni. Walieleza kwamba milipuko iliwashtukiza, wakakimbia roho mkononi, hata daftari la safari likazama na meli. Mtu aliyepata nafasi ya kupanga mashati akakosa nafasi ya kubeba daftari si wa kuaminiwa haraka. Tena meli hiyo iliandikiwa shehena ya mafuta ghafi ya Kuwait yaliyokuwa yakienda Ulaya, lakini pale ilipozama hayakuonekana mafuta ya kadiri hiyo juu ya maji.

Mafuta yalikuwa yamebaki Durban. Mwishoni mwa Desemba 1979 Salem ilifika huko ikiwa imepakwa jina jingine, Lema, ikashusha takriban tani 180,000, ikajazwa maji ya bahari ili ionekane bado ina mzigo, kisha ikaenda kufia mahali palipopangwa. Shell, iliyokuwa imeinunua shehena hiyo ikiwa njiani, ikabaki inaulizia mali yake. Kwa wanaofuatilia utapeli wa baharini, kisa hiki bado kimo katika safu ya mbele.

Sisi hapa kinatuhusu kwa sababu ya mnunuzi. Tangu Novemba 1973 nchi za Kiarabu zilikuwa zimegoma kuiuzia mafuta Afrika Kusini. Iran ya Shah ndiyo iliyobaki mwokozi, nayo ikawa inatoa sehemu kubwa ya mafuta yote yaliyoingia nchini humo. Shirika la mafuta la Iran lilikuwa hata na hisa katika Natref, kiwanda cha kusafishia mafuta kilichojengwa Sasolburg, bara kabisa, kikilishwa kwa bomba kutoka Durban. Mapinduzi ya 1979 yakaufunga mlango huo. Kuanzia hapo serikali ya Makaburu ilinunua mafuta popote, kwa yeyote, bila kuuliza yametoka wapi. Sheria ya 1977 tayari ilikuwa imefanya kuwa kosa la jinai kutangaza nchi inapata wapi mafuta yake. Mafuta ya akiba yalimwagwa ndani ya machimbo ya makaa ya mawe yaliyokwisha kuchimbwa huko Ogies, chini ya ardhi, mbali na macho.

Tegemeo la nyumbani lilikuwa Sasol. Kampuni hiyo iliundwa mwaka 1950, na kiwanda chake cha kwanza, Sasolburg, kusini mwa Johannesburg, kikaanza kutoa petroli mwaka 1955. Njia yao ilibuniwa na Wajerumani wawili, Franz Fischer na Hans Tropsch, katika miaka ya 1920: makaa ya mawe yanachomwa pamoja na mvuke na oksijeni hadi yawe gesi, gesi hiyo inapitishwa juu ya kichocheo cha chuma, na mwishoni unapata petroli, dizeli, nta na kemikali chungu nzima. Ni njia ghali na chafu. Nchi yenye bandari wazi na marafiki wa kuaminika haiwezi kuihangaikia, lakini aliyezingirwa hana haja ya kuulizia bei. Baada ya mgomo wa Waarabu, serikali iliamua kujenga kiwanda cha pili, kikubwa mara nyingi kuliko cha kwanza, katika mji mpya wa Secunda, mashariki mwa Johannesburg. Iran ilipoanguka ikaamuliwa na cha tatu, ubavuni mwa cha pili. Kufikia 1980 Sasol ilikuwa zaidi ya kiwanda. Ilikuwa jibu la Pretoria kwa dunia nzima, na Pretoria ilijivunia jibu hilo kwa sauti kubwa.

Waliokuwa wakisikiliza majigambo hayo hawakuwa mbali. Mwezi Aprili 1969, chama cha ukombozi cha ANC, kilichokuwa uhamishoni, kilifanya mkutano wake mkubwa Morogoro. Hali ilikuwa mbaya: wapiganaji waliokaa miaka kambini Kongwa walikuwa wamechoka kungoja, na mashambulizi ya kupitia Rhodesia yalikuwa yameshindwa. Mkutano huo uliunda Baraza la Mapinduzi, na kwa mara ya kwanza watu wasio Waafrika weusi wakaruhusiwa kuwa wanachama wa ANC uhamishoni. Mmoja wa walioingia katika baraza hilo alikuwa Joe Slovo, mwanasheria na mkomunisti, mzaliwa wa Lithuania. Watanzania waliokuwa wakipita barabarani siku hizo hawakuwa na namna ya kujua kwamba ndani ya mji wao kulikuwa kunatengenezwa ngazi ya uongozi ambayo miaka 11 baadaye ingefika kwenye uzio wa Sasolburg.

Baada ya maasi ya Soweto ya 1976 vijana walimiminika nje ya nchi kwa maelfu, wengi wakapelekwa kambi za Angola. Mwaka 1978 Oliver Tambo, Slovo na wenzao walikwenda Vietnam kujifunza, wakarudi na funzo lililowaumiza: bunduki bila siasa za watu mitaani haifiki mbali, na shambulio ni lazima kwanza liwe tangazo. Mwaka uliofuata kikaundwa kikosi maalumu cha jeshi la ANC, Umkhonto we Sizwe, yaani Mkuki wa Taifa, kilichowajibika kwa Tambo mwenyewe. Slovo alikisimamia kutoka Maputo. Kamanda wa operesheni alikuwa Montso Mokgabudi, aliyefahamika zaidi kwa jina la Obadi. Shabaha ya kwanza kubwa waliyoichagua ilikuwa Sasol. Walikuwa na mfano karibu: Desemba 1978 wapiganaji wa ZANLA walikuwa wamerusha maroketi kwenye matangi ya mafuta ya Salisbury, Rhodesia, na moshi wake ukafunika mji mkuu wa Ian Smith kwa siku kadhaa.

Jumapili, Juni 1, 1980, siku moja baada ya Afrika Kusini kusherehekea Sikukuu ya Jamhuri, makundi ya wapiganaji yalifika usiku kwenye shabaha tatu: Sasol ya Sasolburg, Natref jirani yake, na kiwanda kipya cha Secunda. Kundi la Sasolburg liliongozwa na Barney Molokoane, kijana wa Soweto aliyekuwa na umri wa miaka 20 na kitu. Walikata uzio, wakaingia hadi kwenye matangi, wakabandika mabomu ya sumaku yaliyotegwa saa, wakatoka. Mlinzi mmoja alijeruhiwa kwa risasi. Hakuna aliyekufa. Kabla ya usiku wa manane matangi yakaanza kulipuka moja baada ya jingine, na asubuhi moshi ule mweusi ulionekana hadi Johannesburg, kilomita 80 hivi kutoka hapo. Wafanyakazi waliokuwa wakipanga foleni za mabasi Soweto waliuona bila kusoma gazeti wala kufungua redio. Tangazo likawa limefika.

Kiwanda cha mafuta kina ugumu wake wa kulinda, na ugumu huo ndio uliowapa Molokoane na wenzake nafasi. Mitambo ya thamani kubwa, yale matanuri na minara ya kuchujia, hukaa katikati, imebanana, ina watu usiku na mchana. Matangi ni kinyume chake. Sharti yatawanywe ili moja likiwaka lisichome jingine kwa joto lake, kwa hiyo yanachukua eneo kubwa, na kwa kawaida yanaangukia pembeni, karibu na uzio, ambako usiku hupita mlinzi mmoja na tochi yake. Kila tangi huzungushiwa ukuta mfupi wa kuzuia mafuta yakimwagika yasisambae. Ukuta huo unazuia mafuta, mtu anauvuka. Na moto wa tangi la petroli hauzimwi kwa maji, kwa sababu mafuta huelea juu ya maji na kuendelea kuwaka. Unahitaji povu jingi, na wakati wote unayamwagia maji matangi ya jirani ili yasishike. Wahandisi wa Sasol waliyajua hayo yote. Walikuwa wamejiandaa kwa ajali. Hesabu zao za usalama ziliingiza radi, vali mbovu na fundi mzembe. Kijana mwenye mkasi wa kukatia waya hakuwamo.

Kwa mizani ya uzalishaji, hasara haikuiangusha Sasol. Matangi ndiyo yaliyoungua, mitambo ya kugeuza makaa kuwa mafuta ikabaki. Kwa mizani ya siasa ilikuwa habari nyingine, na serikali ilionyesha kwa hasira yake jinsi ilivyoguswa. Louis le Grange, waziri wa polisi, alimtaja Slovo kuwa ndiye mpangaji. Januari 30, 1981, makomando wa Afrika Kusini wakavuka mpaka na kuvamia nyumba za ANC huko Matola, nje kidogo ya Maputo. Waliua zaidi ya watu kumi. Miongoni mwa waliokufa alikuwa fundi wa umeme wa Kireno aliyekuwa akipita njia. Inaaminika alifananishwa na Slovo. Obadi alijeruhiwa vibaya, akafa hospitalini siku chache baadaye. David Moise, aliyeshiriki mashambulizi ya Sasol, alikamatwa na kuhukumiwa kunyongwa Agosti 1981. Kelele za dunia zilifanya adhabu hiyo ibadilishwe kuwa kifungo cha maisha mwaka 1983.

Kisasi cha kuvuka mpaka kilikuwa upande mmoja. Upande wa pili ulikuwa wa karatasi. Katika mwaka uleule wa 1980 Bunge la Cape Town lilipitisha sheria namba 102, Sheria ya Maeneo Nyeti ya Taifa. Waziri wa Ulinzi, kiti ambacho wakati huo P.W. Botha alikikalia pamoja na uwaziri mkuu, alipewa uwezo wa kutangaza mahali popote kuwa eneo nyeti: kiwanda, bohari ya mafuta, kituo cha umeme, jengo la redio. Mmiliki akishapata barua, anatakiwa kulilinda eneo lake kwa gharama zake mwenyewe hadi waziri aridhike. Asipofanya hivyo, faini hadi randi 20,000 au kifungo hadi miaka mitano, na waziri anaweza kuingia kufanya kazi hiyo mwenyewe kisha akamdai. Kutoa habari za ulinzi wa mahali hapo ni kosa, hata kutaja tu kilichotokea hapo kiusalama. Orodha ya maeneo yenyewe ikawa siri, kwa hiyo raia angeweza kuvunja sheria kwa kupiga picha ukuta bila kujua ukuta huo ni wa namna gani.

Ukiisoma leo utaona ujanja wake. Serikali ilikuwa na vita mipakani, haikuwa na askari wa kuweka kwenye kila lango. Kwa hiyo iliugawa mzigo: makampuni, yakiwemo ya kigeni yaliyokuwa yakisema kwao Ulaya na Marekani kwamba hayahusiki na siasa za ubaguzi, sasa yalilazimika kuajiri walinzi, kununua silaha, kujenga uzio wa pili ndani ya ule wa kwanza na kupanga mipango ya dharura na jeshi. Wakurugenzi wengi walilalamikia gharama. Wachache mno walilalamikia jambo lenyewe. Nadhani hapo ndipo sheria hiyo ilipofanya kazi yake ya ndani kabisa, kumfanya mwenye mali awe askari bila kumvika sare.

Kuhusu wafanyakazi sheria hiyo haikuwa na la kusema, isipokuwa kuwashuku. Mmoja wao alikuwa Patrick Chamusso, msimamizi kiwandani Secunda, mtu aliyekuwa akijali mshahara wake na familia yake kuliko siasa. Baada ya shambulio la Juni 1980 polisi walimkamata na kumtesa kwa jambo asilolifanya. Walipomwachia alikwenda Msumbiji kujiunga na Umkhonto, akarudi 1981 kukilipua kiwanda alichokijua ndani nje. Alikamatwa, akahukumiwa kifungo cha miaka 24, akatoka kisiwa cha Robben mwaka 1991. Filamu ya kisa chake, iliyotoka 2006, iliandikwa na Shawn Slovo, binti wa Joe. Uzio wa pili haukuwa na dawa ya mtu kama huyo, kwa sababu alitengenezwa ndani ya uzio, na waliomtengeneza walikuwa walinzi. Novemba 1984 wafanyakazi wa Sasol waliposhiriki mgomo mkuu wa Transvaal, kampuni iliwafukuza takriban watu 6,000 kwa mkupuo.

Nje ya uzio wapiganaji nao walijifunza. Kama huwezi kuusogelea, unapiga toka mbali. Mei 1984 kundi moja lilirusha makombora kwenye kiwanda cha Mobil huko Wentworth, Durban, na wapiganaji wakauawa katika msako uliofuata. Novemba 1985 Molokoane alirudi Secunda, safari hii na maroketi. Hayakuleta madhara makubwa. Yeye na wenzake wawili waliuawa wakijaribu kurudi kuelekea Swaziland.

Mwaka 1994 waliokata uzio wakawa serikali. Ungetegemea sheria namba 102 iwe ya kwanza kutupwa jalalani, maana ilitungwa kwa ajili yao. Haikutupwa. Ilihamishiwa kwa waziri wa polisi na ikaendelea kutumika, pamoja na siri yake yote. Sitawalaumu haraka: aliyerithi kinu cha nyuklia, viwanda vya mafuta na benki kuu anahitaji sheria ya kuvilinda. Lakini sheria iliyotungwa na mwoga ina tabia ya kumfundisha woga yule anayeirithi.

Aprili 2010 nyumba binafsi ya Rais Jacob Zuma kijijini Nkandla, KwaZulu-Natal, ilitangazwa kuwa eneo nyeti la taifa. Hati ya tangazo, kwa kufuata sheria ya 1980, ilisema mmiliki atagharimia ulinzi mwenyewe. Kilichofuata ni kinyume chake. Serikali ilimwaga fedha, na Thuli Madonsela, Mlinzi wa Umma, alipotoa ripoti yake Machi 2014, makadirio ya gharama yalikuwa yamefika randi milioni 246. Katika yaliyoitwa mahitaji ya usalama kulikuwa na zizi la ng'ombe, banda la kuku, ukumbi wa wazi, kituo cha wageni na bwawa la kuogelea. Mwaka 2015 waziri wa polisi, Nathi Nhleko, alisimama mbele ya waandishi akitokwa jasho, akaeleza kwamba bwawa lile ni la kuzimia moto, akaonyesha na video ya wazimamoto wakivuta maji yake. Wapo waliocheka hadi machozi. Aliyeikumbuka asili ya sheria alikuwa na sababu nyingine ya kucheka au kulia: kifungu kilichozaliwa na moto wa matangi ya Sasolburg kilikuwa kimepata hatimaye maji yake, nyumbani kwa mtu aliyekuwa mpiganaji wa jeshi lilelile lililouwasha.

Machi 2016 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba Zuma alikiuka wajibu wake kwa kuipuuza ripoti ya Madonsela. Hazina ilipiga hesabu, naye akalipa randi milioni 7.8. Kabla ya hapo, Desemba 2014, mahakama mjini Johannesburg ilikuwa imeamuru orodha ya maeneo nyeti itolewe hadharani. Ilipotoka mwezi uliofuata ilikuwa na maeneo yapatayo 200, mengi yakiwa yaleyale ambayo mtu yeyote mwenye akili angeyakisia. Mwishoni mwa 2019 Rais Cyril Ramaphosa alitia saini sheria mpya ya kulinda miundombinu muhimu, ya kuchukua nafasi ya ile ya Botha.

Wakati huo wote, watu wa kusini mwa Durban waliishi wamepakana na viwanda. Serikali ya ubaguzi ndiyo iliyowapanga huko, Machotara Wentworth na Wahindi Merebank, ukuta kwa ukuta na matangi. Sheria ya maeneo nyeti ililinda kiwanda dhidi yao. Haikuwa na kifungu cha kuwalinda wao dhidi ya kiwanda. Desemba 4, 2020, kiwanda cha Wentworth, ambacho sasa kilikuwa cha Engen, kililipuka kwa ajali, na moto ukashika jengo la makazi lililokuwa jirani. Kiwanda kilichonusurika makombora ya 1984 hakikusafisha tena mafuta baada ya siku hiyo. Kiligeuzwa bohari.

Kisha ukaja Julai 2021. Zuma alipelekwa gerezani usiku wa tarehe 7 kwa kuidharau Mahakama ya Katiba, na KwaZulu-Natal ikawaka. Zaidi ya watu 350 walikufa katika ghasia zile. Sapref, wakati huo kiwanda kikubwa kuliko vyote vya kusafishia mafuta ghafi nchini na mali ya Shell na BP, kilifungwa kwa siku kadhaa bila mtu kuukata uzio wake wala kubandika bomu. Malori hayakuweza kupita barabarani na wafanyakazi hawakuweza kufika salama. Hilo lilitosha.

Upande wa pili wa jiji, katika eneo la viwanda la Cornubia, waporaji walichoma ghala la kampuni ya UPL lililojaa dawa za mimea na wadudu. Ghala hilo lilikuwa jipya, halina miezi mingi. Lilifukiza moshi kwa siku nyingi juu ya mitaa na juu ya makazi ya mabanda ya Blackburn. Maji ya kuzimia moto yalizoa sumu yakaipeleka mtoni hadi lango la bahari la Ohlanga, samaki wakafa kwa wingi, fukwe za kaskazini mwa Durban zikafungwa kwa miezi. Uchunguzi wa serikali ulisema kampuni haikuwa na vibali vyote vya mazingira vilivyotakiwa, na kampuni ikapinga. Lakini kabla ya hoja za vibali, katika zile siku za kwanza za moshi, wakazi, madaktari na wanaharakati walikuwa wakidai kitu kimoja kutoka kwa kampuni na kwa serikali: waonyeshwe orodha ya kemikali zilizokuwa zinaungua.